Kitenzi cha Kiingereza 'avoid': Maana, Matumizi na Ufasiri Wake katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiingereza katika Afrika Mashariki hukutana na kitenzi 'avoid' mapema sana, na aghalabu hupewa kisawe kimoja tu cha kukielezea, yaani epuka. Kisawe hicho si kibaya. Hata hivyo, anayekitegemea peke yake atakwama mahali pengi. Atakwama anapotunga sentensi ya Kiingereza, kwa kuwa 'avoid' hakikubali kufuatwa na kila umbo linaloweza kufuata epuka. Atakwama anapofasiri maagizo yaliyobandikwa kwenye chupa ya dawa ya kuulia wadudu. Atakwama zaidi anapofasiri sheria, ambamo kitenzi hicho kina maana isiyokuwa na uhusiano wa dhahiri na kuepuka hata kidogo.

Suala hili si la darasani tu. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi na lugha ya utoaji haki mahakamani, isipokuwa pale inapobidi kutumia Kiingereza. Sheria nyingi zilizokuwapo wakati huo zilikuwa zimetungwa kwa Kiingereza, na katika kuzifasiri, neno moja dogo laweza kubadili haki ya mtu. Makala hii inaeleza maana za 'avoid' na tabia yake ya kisintaksia, kisha inakilinganisha kitenzi hicho na vitenzi vya Kiswahili vya jamii ya epa, ili kuonyesha ni wapi lugha hizi mbili zinakutana na ni wapi zinaachana.

2.0 Asili ya neno

'Avoid' si neno la asili ya Kiingereza. Liliingia katika lugha hiyo katika karne ya 14 kutoka katika Kifaransa cha Wanormani waliotawala Uingereza, ambamo kitenzi 'avoider' kilikuwa na maana ya kumwaga, kutoa kilichomo, kukifanya chombo kiwe kitupu. Kiini chake ndicho kilichozaa neno 'void', yaani tupu au batili. Hapo kale Mwingereza aliweza kusema kwamba mtu 'ame-avoid' chumba, akimaanisha kwamba amekihama. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina mabaki ya matumizi hayo: katika 1 Samweli 18:11 kitenzi hicho kinatumika kuhusu Daudi anayeponyoka mbele ya Sauli na mkuki wake, nacho hakina yambwa, kinafuatwa na kirai kinachoonyesha mahali alipotoka. Kwa Mwingereza wa leo sentensi ya namna hiyo ina kasoro. Maana inayotumika sasa ilienea baadaye, na inadhaniwa kwamba ilisukumwa na kitenzi kingine cha Kifaransa, 'éviter', chenye asili ya Kilatini. Maana ya kwanza haikufa kabisa, bali ilijificha katika lugha ya mawakili, na makala hii itairudia.

Epuka nayo ina historia ya kuvutia. Mpishi huepua chungu (wengine husema kuipua), na chungu kilichoepuliwa kimeondolewa motoni. Kwa umbo, epua na epuka zinahusiana kama inua na inuka au fungua na funguka: cha kwanza kina mtu anayekiondoa kitu, cha pili kinaeleza kuondoka kwa kitu chenyewe. Kwa hiyo, kuepuka kwa asili ni kutoka mahali penye jambo na kuwa mbali nalo. Kiingereza kilianza kwa kukitoa kitu ndani ya chombo, Kiswahili kwa kukitoa chombo juu ya moto, na lugha zote mbili zikafikia maana ya mtu kujitoa mwenyewe. Mfanano huo usimdanganye mfasiri, kwa kuwa njia zilizofuata baadaye hazikuwa sawa.

3.0 Maana tatu

Katika Kiingereza cha leo, nje ya sheria, 'avoid' kina maana kuu tatu. Ya kwanza ni kukaa mbali na kitu, mtu au mahali palipo: 'She avoids the main road' (haipiti barabara kuu). Ya pili ni kuzuia tukio lisimpate mtu: 'The driver avoided an accident'. Ya tatu ni kujizuia kutenda jambo: 'He avoids eating salt'.

Tofauti baina ya maana ya kwanza na ya pili inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu Kiingereza huificha na Kiswahili huelekea kuifichua. Dereva akikwepa shimo, shimo lipo. Dereva anayemfuata nyuma ataliona, na huenda akatumbukia. Dereva akiepuka ajali, ajali haipo. Hakuna anayeweza kuionyesha wala kuipima. Yambwa ya 'avoid' katika maana ya pili ni kitu ambacho kitenzi chenyewe kinasema hakikutokea. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa hali zote mbili bila wasiwasi. Kiswahili kina kwepa, ambacho kwa kawaida hudai kitu kinachoonekana au kinachokuja: mtu hukwepa ngumi, hukwepa jiwe lililorushwa, hukwepa shimo. Kina pia epuka, ambacho hakidai kitu kilichopo: mtu huepuka vita, hasara, fedheha. Msemaji anayesema 'alikwepa ajali' hakosei, lakini ameipa ajali mwili, ameifanya kama kitu kilichokuwa kinamjia dereva uso kwa uso.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wa habari hulisahau. 'Avoid' kina utashi ndani yake: aliye-'avoid' ajali alifanya jambo, kama vile kukata usukani au kufunga breki. Kama alisalimika kwa bahati tu, Kiingereza hupendelea 'escape'. Kiswahili kimelitenga jambo hili vizuri zaidi. Abiria aliyekuwa amelala kwenye kiti chake wakati basi lilipoyumba hakuepuka ajali. Alinusurika, au aliponea chupuchupu. Sentensi kama 'Abiria arobaini waepuka kifo' inawapa abiria hao kazi ambayo hawakuifanya.

Yambwa ikiwa mtu, maana hugeuka kuwa ya kijamii. 'He is avoiding me' haisemi tu kwamba watu wawili hawakutani. Inasema mmoja wao hataki wakutane, naye anafanya bidii ya kificho ili wasikutane. Hapa epuka huwa zito kidogo. Waswahili wengi watasema 'ananikwepa' au 'ananikimbia', na katika miji ya Kenya 'ananihepa'. Kwepa inafaa kwa sababu ile ile ya ngumi na shimo: anayekwepwa yupo, tena huenda anakuja.

Majirani wa 'avoid' katika Kiingereza waweza kupitiwa kwa haraka. 'Evade' ni kuponyoka wajibu au mtu anayekutafuta, aghalabu kwa hila. 'Elude' hutumika zaidi kwa kitu kinachomponyoka mtu, kama jina alilolisahau. 'Shun' ni kumtenga au kukitenga kwa chuki au hofu, tena kwa mazoea. 'Avert' ni kugeuzia mbali balaa iliyokwisha kukaribia. 'Dodge' ni kuchepuka ghafla, na ndicho kilicho karibu zaidi na kwepa. 'Eschew' ni neno la maandishi na la maadili: mtu hu-'eschew' anasa au jeuri, lakini ha-'eschew' shimo la barabarani.

4.0 Tabia ya kisintaksia

'Avoid' ni kitenzi elekezi ambacho hakiwezi kuachwa bila yambwa katika sentensi ya kawaida. Yambwa hiyo yaweza kuwa nomino au umbo la kitenzi lenye kiambishi -ing: 'avoid paying', 'avoid meeting'. Haiwezi kuwa kitenzi-jina chenye 'to', wala kishazi kinachoanza na 'that'. Hata hivyo, sentensi za aina ya 'avoid to pay' hujitokeza mara kwa mara katika insha za wanafunzi wa Afrika Mashariki.

Sababu ya kosa hilo si uvivu. Kitenzi-jina cha Kiswahili kina sura mbili kwa wakati mmoja: kulipa ni kitenzi (anataka kulipa) na ni nomino ya ngeli ya ku- (kulipa kwake kulichelewa). Kiingereza kimezigawa kazi hizo kwa maumbo mawili, 'to pay' na 'paying', na kila kitenzi kikuu huchagua umbo lake. 'Refuse' huchagua la kwanza, 'avoid' la pili. Mswahili anayesema 'alikataa kulipa' na 'aliepuka kulipa' anaona umbo moja, na hana sababu yoyote ndani ya lugha yake ya kuhisi kwamba kuna tofauti. Mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi bila ya kumweleza jambo hili anamwachia kazi ya kukariri tu.

Kosa la pili lina mantiki nzuri zaidi. Wanafunzi huandika sentensi zenye maana ya kumzuia mtu mwingine, kwa mfano 'avoid children from playing with fire'. Kiingereza hakina kauli ya kutendesha ya 'avoid'. Anayejiweka mbali na hatari daima ni kiima mwenyewe. Akitaka kumweka mwingine mbali nayo, Mwingereza hulazimika kuhama kitenzi na kutumia 'prevent' au 'keep'. Kiswahili hakihami. Huongeza kiambishi tu: epuka, epusha, na mzazi humwepusha mtoto na moto. Mwanafunzi amejaribu kufanya katika Kiingereza jambo ambalo Kiswahili hulifanya kwa wepesi.

Kwa upande wa semantiki, 'avoid' ni miongoni mwa vitenzi ambavyo kusemwa kwake kunatoa uamuzi kuhusu kitenzi cha pili. Lauri Karttunen alivichambua vitenzi vya jamii hiyo katika makala yake ya mwaka 1971. Ikisemwa kwamba mtu 'avoided paying', basi hakulipa. Ikisemwa kwamba hakuweza ku-'avoid' kulipa, basi alilipa. Kwa maneno mengine, ukanushi umefichwa ndani ya kitenzi, na kukikanusha kitenzi chenyewe ni kuzifanya kanushi mbili zikafutana.

Kiswahili kwa kawaida hakipendi kuuficha ukanushi huo. Huuweka wazi katika kishazi kinachofuata, kwa dhamira tegemezi yenye -si-: 'jihadhari usianguke', 'angalia usichelewe', 'alijitahidi asikutane naye'. Sentensi ya mwisho ndiyo tafsiri ya kawaida kabisa ya 'He avoided meeting him', ingawa haina epuka ndani yake. Mfasiri anayeandika 'aliepuka kukutana naye' hajakosea sarufi, lakini kurasa kumi za sentensi za namna hiyo zitanuka Kiingereza.

Hali ya kukanusha ina suluhisho zuri zaidi. 'Could not avoid' kikifasiriwa neno kwa neno kinazaa 'hakuweza kuepuka kuona' na mengine mazito ya aina hiyo. Kiswahili kilikwisha kupata neno la kazi hii kutoka katika Kiarabu, nalo ni budi. 'Hakuwa na budi kuona' inabeba maana yote: njia ya kuepuka haikuwapo, na tendo likafanyika. Methali husema lisilo budi hutendwa, na katika maneno matatu tu imeeleza uhusiano ule ule wa kimantiki ambao wanaisimu huuandikia kurasa nyingi.

5.0 Jamii ya epa

Mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili umetoa maumbo mengi katika jamii hii, na mfasiri anayetumia epuka peke yake anaacha mali nyumbani. Epa ni kujisogeza kando, kama mtu anayeepa mshale. Epuka ni kuwa mbali. Epusha ni kumweka mwingine mbali, na ndiyo inayosikika katika dua: Mungu atuepushe na balaa. Jiepusha na ni kujiweka mbali kwa bidii na kwa nia ya kudumu. Epukika hueleza uwezekano, na hutumika zaidi katika ukanushi: 'gharama isiyoepukika'.

Epukana na inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu kiambishi -an- hudhaniwa kuwa ni cha kutendana tu. Mtu anapoepukana na uovu, uovu haumwepuki mtu huyo. Kiambishi hiki hapa kinaonyesha kutengana kwa pande mbili, kama katika achana na au tengana na. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 inatoa ushahidi mzuri. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 kitenzi 'eschew' kimetumika katika Ayubu 1:1 na pia katika 1 Petro 3:11, na mahali pote viwili yambwa yake ni uovu. Wafasiri wa Kiswahili, ambao hawakufungwa na Kiingereza hicho, waliweka epukana na kwa Ayubu, lakini katika waraka wa Petro wakaweka acha. Matini za asili nazo ni za lugha mbili tofauti, Kiebrania na Kiyunani, ingawa vitenzi vyote viwili vina picha ya kugeuka kando.

Uchaguzi huo una uzito. Anayeambiwa aache jambo anadhaniwa kuwa amekuwa akilitenda, au angalau yuko karibu nalo. Anayesifiwa kwa kuepukana na jambo hashukiwi kwa lolote. Petro anawaonya watu walio hai, wenye kuteleza, na acha inawafaa. Ayubu anatambulishwa kama mtu mkamilifu, na kusema kwamba 'aliacha uovu' kungempa historia ambayo kitabu chake hakimpi. 'Avoid' hakitofautishi mambo haya. 'He avoids alcohol' yaweza kusemwa kuhusu mtu ambaye hajawahi kuionja pombe na kuhusu mtu aliyekuwa mlevi. Mfasiri wa Kiswahili hana budi kujua ni yupi anayezungumziwa kabla hajachagua baina ya hanywi, ameacha na anajiepusha.

6.0 Lugha ya maagizo

Ni katika maagizo ndipo kitenzi hiki kinapoweza kumdhuru mtu. Maagizo ya Kiingereza hupenda ufupi, na mara nyingi huangusha yambwa: 'Avoid in pregnancy'. Sentensi hii inasema kwamba mjamzito asitumie dawa hiyo. Mfasiri mwenye haraka akiandika 'Epuka ujauzito', amegeuza agizo kuhusu dawa likawa agizo kuhusu uzazi. Hata 'Epuka wakati wa ujauzito' haitoshi, kwa kuwa msomaji hajaambiwa aepuke nini. Kiswahili cha kawaida husema 'Mjamzito asitumie dawa hii', na hakuna sababu ya kusema vinginevyo. Kadhalika, 'Avoid contact with eyes' ikifasiriwa 'Epuka kugusana na macho' inachekesha kwanza kabla ya kueleweka. 'Isiingie machoni' ni fupi kuliko matini chanzi, tena yaeleweka na kila mtu.

Kutokana na mifano hii baadhi ya wafasiri wamejiwekea kanuni kwamba 'avoid' katika maagizo kifasiriwe daima kwa katazo, yaani usi-. Kanuni hiyo nayo ni ya hatari, na sababu yake inaonekana katika mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha na kuwekea alama kemikali, ambao uliidhinishwa mwaka 2002. Mfumo huo una maelezo ya tahadhari yenye namba. Fungu P260 linakataza moja kwa moja kuvuta vumbi, moshi au mvuke wa kemikali kwa katazo la 'do not'. Fungu P261 linahusu jambo lilo hilo, lakini linatumia 'avoid'. Hii si anasa ya mtindo. Kemikali zenye sumu kali ya kuvutwa kwa pumzi, za ngazi ya 1 na ya 2, huwekewa P260. Zile za ngazi ya 3 na ya 4 huwekewa P261. Yaani Kiingereza cha mfumo huu kimekipa 'avoid' daraja la chini ya katazo: fanya kila uwezalo usivute, lakini ukivuta kidogo si sawa na sumu ile ya kwanza.

Mfasiri anayeandika 'Usivute' katika mafungu yote mawili amefuta ngazi ya hatari. Mkulima wa pamba au wa nyanya atashika chupa mbili zenye onyo moja, na kwa kuwa ile nyepesi ameizoea na haijamdhuru, ataidharau na ile kali. Tofauti hii Kiswahili kinaweza kuihifadhi bila shida: 'Usivute kabisa vumbi lake' kwa P260, na 'Jiepushe na kuvuta vumbi lake' au 'Jihadhari usivute vumbi lake' kwa P261. Hapa ndipo jamii ya epa inapostahili nafasi yake katika maagizo.

7.0 Lugha ya sheria

Katika sheria za kodi Kiingereza kimejenga ukuta baina ya 'avoidance' na 'evasion'. 'Tax evasion' ni kosa la jinai: kuficha mapato, kughushi hesabu, kusema uongo kwa mamlaka ya kodi. 'Tax avoidance' ni kupanga shughuli kwa namna inayofuata maneno ya sheria ili kodi ipungue. Ukuta huo ulijengwa kwa sehemu kubwa na mahakama. Katika kesi ya Mtawala wa Westminster, iliyotolewa maoni na mahakama ya juu ya Uingereza, yaani House of Lords, na kuchapishwa katika taarifa za kesi za mwaka 1936, bwana huyo alikuwa amefanya hati ya kumlipa mtunza bustani wake malipo ambayo hayakuitwa mshahara, na kodi yake ikapungua. Mahakama ilimpa haki. Mwaka 1981, katika kesi ya Ramsay, mahakama hiyo hiyo ililegeza msimamo wake na kukubali kuitazama mipango ya bandia kwa ujumla wake. Hata hivyo tofauti ya majina haikufutwa.

Sheria za Afrika Mashariki zimeirithi tofauti hiyo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 35, inampa Kamishna mamlaka ya kuirekebisha mipango ya 'tax avoidance', na nchini Kenya Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 ina adhabu yake mahsusi, mbali na masharti yanayohusu udanganyifu. Kwa hiyo si kweli kwamba 'avoidance' haiguswi na sheria; inaguswa, ila kwa njia nyingine, na anayeifanya si mhalifu kwa kuifanya tu.

Kiswahili cha magazeti na redio kina neno moja lenye nguvu, ukwepaji kodi, na huelekea kulitumia kwa mambo yote mawili. Nguvu ya neno hilo inatokana na kwepa yenyewe: kodi imefanywa kitu kinachokuja, na mtu amechepuka. Anayeitwa mkwepa kodi ameitwa mhalifu, na kama alichofanya ni kupanga mambo yake ndani ya maneno ya sheria, amesingiziwa. Kinyume chake, mhasibu aliyeghushi vitabu akielezwa kwamba 'ameepuka kodi', amepakwa marashi. Inafaa ukwepaji kodi ubaki kwa 'evasion', ambako umekwisha kukaa vizuri vinywani mwa watu, na uepukaji kodi utumike kwa 'avoidance'. Upungufu wa pendekezo hili ni kwamba maneno hayo mawili yanafanana sana kwa sauti na yaweza kuchanganywa kwa kusikia, hasa redioni. Lakini Kiingereza chenyewe kina tatizo hilo, na kimelivumilia.

Imebaki maana ile ya kale. Katika sheria ya mikataba na ya bima, ku-'avoid' mkataba ni kuufanya mtupu, yaani kuubatilisha. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, iliyofuata mfano wa ile ya India ya mwaka 1872, inautambua mkataba uliofanywa kwa kulazimishwa au kwa udanganyifu kuwa ni 'voidable': unasimama mpaka yule aliyeonewa aamue kuubatilisha. Huo si sawa na mkataba ulio 'void', ambao ni batili tangu mwanzo na hauhitaji uamuzi wa mtu. Kwa wa pili Kiswahili kina neno batili; kwa wa kwanza yafaa kusema mkataba unaobatilishika, kwa kuwa kiambishi cha -ik- kinatoa maana ya uwezekano ambayo ndiyo hasa inayotakiwa.

Katika bima jambo hili ni la mkate wa watu. Sheria ya Bima za Baharini ya Uingereza ya mwaka 1906, ambayo imekuwa na athari kubwa katika sheria za bima za nchi zinazofuata mfumo wa Kiingereza, ilimruhusu mwenye bima ku-'avoid' mkataba wote iwapo mteja hakueleza jambo la maana wakati wa kukata bima. Uingereza yenyewe ilipunguza ukali huo kwa sheria ya mwaka 2015. Mteja anayesoma hati iliyofasiriwa kwamba kampuni 'yaweza kuiepuka bima' hawezi kujua ameambiwa nini. Huenda akadhani kampuni yaweza kuchelewa kulipa, au yaweza kukataa kumkatia bima. Ameambiwa kwamba bima aliyoilipia kwa miaka kadhaa yaweza kuhesabiwa kana kwamba haikuwapo, na hilo halisemeki kwa epuka wala kwepa. Husemwa: kampuni yaweza kuibatilisha bima hii tangu siku ilipoanza.